Heko, Adha ya Kuchagua Linux

Wafugaji wa Bunda hujigamba kwa ng'ombe wao, wavuvi wa Musoma kwa sangara. Adha ya kuchagua Linux haijapata msifu hata mmoja, ilhali haijawahi kumwacha mtu akae bure.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa ya karibuni, vitu ambavyo laptop nyingi za mtumba hazina. Mwenye steshenari wa Mukendo, mjini Musoma, aliyezoea kumwita fundi ampigie Windows na kuondoka, akiigeukia Linux anapokelewa kwa maswali ya distro, yaani toleo lake. Achukue Debian, ya tangu 1993? Ubuntu ya mwaka 2004, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini? Au Linux Mint? Akijibu, anaulizwa eneokazi: GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon, MATE, LXQt. Ukarimu ulioje! Windows ilimpa moja tu, kama ugali wa bwenini, wala haikumuuliza.

Tena adha hii ina ukoo. KDE ilianza 1996. Walioona leseni ya Qt, msingi wake, haina uhuru wa kutosha wakaanzisha GNOME mwaka 1997. GNOME 3 ilipotoka 2011 na kuziondoa menyu za zamani, walionuna wakaendeleza GNOME 2 kwa jina la MATE, na watu wa Mint wakaunda Cinnamon. Ubuntu nayo ilikuwa na Unity yake, ikatangaza kuiacha 2017. Kila ugomvi umezaa mtoto, na watoto wengi bado wako hai wanasubiri kuchaguliwa pale Mukendo.

Kampuni za simu nazo zinanufaika. Faili la Ubuntu 24.04 linazidi GB 5, hivyo hungoja bando la usiku. Asubuhi flashi iko tayari, feni inaunguruma, GNOME inajikokota kwenye RAM ya GB 2. Kadi ya Wi-Fi ikiwa ya Broadcom, huenda draiva yake ikatakiwa kupakuliwa kwa intaneti, na intaneti ndiyo hiyo Wi-Fi. Usiku unaofuata ni zamu ya Xfce. Wateja wa CV wako kwenye benchi, wanashuhudia elimu ikitafutwa.

Wapo wasioiheshimu adha hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Programu ya barua na majedwali haijali iko kwenye distro gani. Adha yote ikapitwa pembeni, bila hata salamu. Utovu wa adabu, kwa kweli.

Kwa hiyo mwenye laptop kuukuu huko Butiama, akitokea fundi akamwambia achukue Linux Mint ya Xfce, aijaribu kwenye flashi kabla ya kuisimika, kisha afungue ofisi saa mbili kama kawaida, asimsikilize. Atamkatishia mjadala wa mwaka mzima.