Kwa Mkuu wa Ajira, Juu ya Usaili wa Ghaibu

Muadhamu Mkuu wa Ajira,

Naomba idhini nikushukuru kwa wito wa usaili ulioniletea, wito uliotimia kwa kila jambo linalonihusu mimi: kwamba nije na vyeti halisi tangu cha kuzaliwa hadi cha chuo, wala si matokeo ya muda, kwamba jina langu, likihitilafiana kwa herufi moja baina ya cheti na cheti, nilitengenezee hati ya kiapo, na kwamba usafiri, chakula na malazi ni juu yangu. Ama usaili wenyewe, iwapo ni wa mchujo, wa vitendo au wa mahojiano, na ni maarifa gani yatakayopimwa, hayo umeyaweka utawani kama mwari.

Kazi mliiita “Afisa Daraja la Pili”, na kwa kuwa daraja hutaja cheo pasi na kutaja shughuli, nimedurusu Katiba ya 1977 na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009, nikahifadhi na majina ya mawaziri, huku nikimwomba Mola baraza lisivunjwe kabla ya usaili wa Jumamosi. Jirani yangu ameniasa niyaache yote hayo, maana yeye alipoitwa aliwekwa mbele ya kompyuta. Mwenziwe naye aliambiwa tu ajieleze, na kwa Kiingereza.

Juni 2014 Uhamiaji iliwakusanya watu zaidi ya 10,000 katika Uwanja wa Taifa kwa usaili wa nafasi 70, na watu wakalaumu. Lakini wale angalau walitazama majukwaa wakajua hali yao.

Wapo wasemao kwamba usiri wenu ni uzembe. Nawakanusha. Mtu akubaliye kukesha ndani ya basi kutoka Kigoma hadi Dodoma, kwa nauli ya mkopo, ilhali hajui aendalo kuulizwa, amekwisha dhihirisha subira na utii ambao hakuna shahada iutajayo. Na ikiwa hizo ndizo sifa mzitafutazo, basi usaili umemalizika stendi, na meza yenu ya wajumbe ni ya kunywea chai.

La sivyo, ongezeni mstari mmoja tu: aina ya usaili.

Jibu lako nitalipokea ana kwa ana, siku nitakayoitangaza usiku wa kuamkia siku hiyo. Uje na vyeti halisi. Nauli na malazi utajigharimia.

Wako mtiifu,
Msailiwa