Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha: Nyumba Inayonunuliwa Mfuko kwa Mfuko

Mheshimiwa Waziri,

Kwetu Buha, mkoani Kigoma, mtu akikutana na mkubwa wake huinama na kupiga makofi ya taratibu, na salamu haikatwi mpaka ziulizwe habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Naomba uipokee barua hii kama nimesimama mbele yako nimeinama hivyo, kwa heshima yote inayoistahili ofisi yako, na uniwie radhi kwa muda wako nitakaouchukua.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha Kasulu, nimepanga chumba na sebule, na kiwanja changu kiko Kibondo nilikozaliwa. Ningeona haya kukusumbua kwa jambo langu peke yangu. Ninaloliandika ni la majirani zangu karibu wote, wa Kasulu na wa Kibondo.

Kwanza nishukuru. Kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, Serikali iliiondolea kodi ya ongezeko la thamani nyumba mpya ya makazi inayouzwa na mwendelezaji wa milki, ikiwa thamani yake haizidi shilingi milioni 50. Niliisoma habari ile kwenye simu wakati wa mapumziko ya saa nne, nikawasomea wenzangu ofisini kwa furaha ya kweli, maana niliona Serikali imemkumbuka mtu anayetafuta nyumba yake ya kwanza. Mwalimu mmoja akauliza, "Hizo nyumba zinauzwa wapi?" Hakuna aliyejibu. Tangu nizaliwe, Mheshimiwa, sijamfahamu mtu hata mmoja wa huku kwetu aliyenunua nyumba mpya iliyokamilika kutoka kwa mwendelezaji.

Huku nyumba hujengwa, na hujengwa polepole. Kiangazi kikifika watu huchimba udongo mwekundu, hufyatua matofali, huyapanga tanuru na kuyachoma kwa kuni siku kadhaa, moshi ukitambaa kijijini mpaka asubuhi. Ukuta wengi huujengea udongo, saruji ikihifadhiwa kwa ajili ya msingi, linta, lipu na sakafu. Boma likisimama, mwenyewe hulifunika juu kwa nyasi ili mvua isiuoshe ule udongo wa katikati ya kozi, halafu husubiri. Husubiri maharage yauzwe. Yakiuzwa vizuri, zinanunuliwa bati 4. Yakiuzwa vibaya, bati 2, au ada ya mtoto inatangulia na bati zinangoja msimu mwingine. Bati hizo hulala chini ya kitanda au kwa jirani mwenye stoo, moja baada ya nyingine, miaka mitatu, minne, sita. Zangu mimi ziko 22. Fundi amenihesabia 48.

Sasa, Mheshimiwa, kila kimoja katika vitu hivyo vya dukani kina kodi ndani yake. Bati, nondo, misumari, rangi: asilimia 18. Saruji ina hiyo asilimia 18, na tangu Julai 2023 ina pia ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mfuko ukiuzwa 20,000 kwenye duka linalotoza kodi hiyo, takriban 3,050 ni ongezeko la thamani na 1,000 ni ushuru. Kodi ya mifuko 100 ni zaidi ya laki 4, na kwa mkulima wa hapa laki 4 ni bati kadhaa ambazo hatazipata mwaka huu. Na hapo sijataja nauli, maana saruji yetu hutoka mbali: Tanga, Mbeya, Dar es Salaam.

Kwa hiyo anayenunua nyumba ya milioni 50 kwa mkupuo, bei aliyoandikiwa haina kodi ya ongezeko la thamani. Anayejenga ya milioni 12 kwa miaka 6 huilipa kodi hiyo kila anapoingia dukani. Simwonei wivu yule wa kwanza, naye anatafuta pa kulaza watoto wake. Naomba tu, kwa unyenyekevu, nafuu aliyopewa imfikie na huyu wa pili, kwa sababu huyu ndiye nyumba yake ni ya kwanza na pengine ya mwisho.

Najua nitaambiwa ipo mikopo ya nyumba. Ipo, na Serikali imeihangaikia: sheria ya mwaka 2008, kisha mwaka 2010 kampuni ya kuzipatia benki fedha za mikopo hiyo. Lakini mkopo ule hutaka hati na kipato cha kila mwezi. Mkulima wa Kifura au Makere, akibahatika, ana hatimiliki ya kimila, na kipato chake huja na mavuno. Mimi mwenye mshahara nilichukua mkopo wa mshahara, nao uliishia kwenye linta.

Ombi langu linafuata njia ambayo Serikali yenyewe imekwisha kuipita. Msimu wa 2022/23 wakulima tuliandikishwa vijijini kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mtu alipata namba yake, akaenda nayo kwa wakala, akanunua kwa bei ya ruzuku. Foleni zilikuwepo na wapo waliorudi mikono mitupu siku ya kwanza, lakini namba ile ilimfikia mkulima ambaye hajawahi kuingia benki. Naomba mjenzi wa nyumba ya kwanza apewe namba kama hiyo: mara moja tu maishani, ikiunganishwa na namba ya NIDA, na mtendaji wa kijiji au wa mtaa athibitishe kwamba kiwanja kipo na boma lipo. Namba iwe na kikomo, tuseme mifuko 100 ya saruji na bati 50, ili asijitokeze mtu wa kujengea ghorofa kwa jina la shangazi yake.

Naomba pia, ikikupendeza, nafuu hiyo iwe kiasi maalumu kwa kila mfuko na kila bati, isitegemee kodi iliyoandikwa kwenye risiti. Maduka mengi ya kwetu mauzo yake hayafiki milioni 200 kwa mwaka, hivyo hayalazimiki kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani. Kodi ilikwisha kulipwa kwa muuzaji wa jumla na imo ndani ya bei, ila risiti haiionyeshi.

Risiti yenyewe lakini idaiwe. Duka moja liliwahi kunitajia bei mbili za bati, yenye risiti na isiyo na risiti, nami kwa uchache wa fedha nikachukua isiyo na risiti. Mimi ni mwalimu, nawafundisha watoto kodi inajenga nini, na jambo lile linanichoma mpaka leo. Mnunuzi akijua kwamba bila risiti namba yake haimpi kitu, ataidai mwenyewe, na Serikali itayaona mauzo ambayo leo haiyaoni.

Jirani zetu wa Kenya walibadili sheria yao mwaka 2018, anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa nyumba za gharama nafuu akasamehewa ushuru wa stempu. Wao walimtazama mnunuzi. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma tunaomba utazamwe ujenzi.

Na kama haitakuwa kukuchosha, kuna dogo lingine. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, na 2023 ikawa 1,500. Siipingi. Naomba tu anayehamia kwenye nyumba yake ya kwanza asikatwe kwa miaka 3 tangu mita ifungwe, kwa sababu wengi tunahamia sakafu bado vumbi na madirisha yamezibwa kwa mbao.

Bajeti husomwa Juni, na mvua zetu huanza Oktoba. Ukijaliwa kuja Kigoma kwa barabara ya Kibondo hadi Kasulu, nakuomba uangalie pembeni ya njia maboma yenye nyasi juu. La kwangu lina mlango wa bluu, niliununua kabla ya bati kwa sababu siku hiyo uliuzwa rahisi.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Kasulu