Akivunjika utalipa wewe?

Ellen Sandseter, mtafiti wa Norway, aliwachunguza watoto wa chekechea hata akaorodhesha hatari wanazozitafuta mchezoni: kupanda juu, kwenda mbio, kushika visu na nyundo, kusogelea maji na moto, kupigana mieleka, kuwapotea wakubwa. Angekuja kukaa barazani Mji wa Kale, orodha ingejaa kabla kahawa haijapoa.

Watazame watoto wanaochupa baharini. Yule mdogo hajitupi tu. Vidole vya miguu vimeng'ang'ania ukingo wa jiwe, anachungulia, anarudi nyuma, anauliza kama maji yamejaa, anamwacha mkubwa wake atangulie. Bamvua na maji mafu anavijua kuliko mimi niliyesoma. Hesabu hiyo hakuna tyusheni inayoifundisha. Sisemi waachwe peke yao, bahari haina mjomba. Mtu mzima na akae karibu, ila afunge mdomo.

Na huko kufunga mdomo ndiko kunakotushinda.

Wadenmark waliweza. Mwaka 1943, nchi yao ikikaliwa na Wajerumani, walifungua Emdrup, Copenhagen, uwanja uliobuniwa na Carl Theodor Sørensen, watoto wakapewa mbao na misumari wajijengee watakacho. Vita vimepamba moto, na watoto wameachiwa nyundo! Sisi kwenye amani yetu hata pembea twaiogopa.

Nasema niliyoyaona Idi hii uwanjani Makadara. Mtoto ana kanzu mpya, mkono wa Idi umemlowa jasho kiganjani, macho yote yako kwenye pembea inayolia kwa kukosa mafuta. Mamake kamkamata kiwiko. "Utaanguka! Njoo nikununulie mabuyu."

Nikajitia kimbelembele. "Mwanangu, si umwache apande? Wenzake wote wako juu."

"Mzee wangu, akivunjika utalipa wewe hospitali?"

Hapo alinifunga. Nikanunua mabuyu na mimi.

Walipomaliza kuzunguka, mama akaita bodaboda. Mtoto akakalishwa mbele juu ya tangi, midomo myekundu kwa mabuyu, dereva katikati, mama nyuma na mifuko na buibui linalopepea jirani na tairi. Helmeti ilikuwepo, moja, imening'inizwa kwenye kioo.

"Kaza mwendo, kijana," mama akasema, "biriani yapoa."