Namna ya Kupoteza Meno Kistaarabu Ukiwa na Kisukari

Kwanza, damu isikutishe. Umepiga mswaki asubuhi, umetema, povu limetoka na wekundu. Lawama zote ni za mswaki. Upande unaotoa damu usiuguse tena, uache upumzike. Wadudu wa kwenye ukoga watakushukuru kwa huruma hiyo, kwani ukoga usiosuguliwa hunyonya madini ya mate na ndani ya siku chache huanza kugeuka ugaga. Ugaga ukishaganda hautoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa chumvi. Kama hata hiyo damu hutaki kuiona, vuta sigara. Moshi hubana mishipa midogo ya fizi, damu ikapungua, na ugonjwa ukaendelea na shughuli zake bila kukuchafulia sinki.

Pili, subiri maumivu. Huu ndio ushauri ninaouamini kuliko wote, kwa sababu ugonjwa wa fizi una adabu ambayo jino lililotoboka halina: kwa kawaida hauumi. Jino lililotoboka litakuamsha usiku wa manane. Fizi zinaweza kuliwa miaka kumi huku wewe unatafuna miwa. Kati ya fizi nzima na jino pana kijinafasi cha milimita 1 hadi 3. Uchafu ukishuka humo kinachimbika, kinafika 4, 6, hata zaidi, nacho kinakuwa kifuko ambacho mswaki haufiki. Mwili unatuma askari wake, vita inawaka, na vita hiyo inaamsha chembe ambazo kazi yake ni kuvunja mfupa. Kwa hiyo anayekula taya lako si mdudu, ni mwili wako mwenyewe, unaourudisha mfupa nyuma ili uukimbie uchafu. Jino linabaki zima, jeupe, limesimama kama mnazi ambao mawimbi yameupora mchanga wa shinani.

Sukari ikiwa juu, kazi hiyo inakwenda mbio. Sukari hunata kwenye protini za mwili na kuzidisha ile vita. Chembe za kujenga mfupa zinazubaa, na kidonda kinachelewa kufunga. Nayo vita ya kinywani inatia mwilini kemikali zinazoifanya insulini isisikilizwe. Watu wa kabila la Pima huko Arizona, Marekani, ambao kisukari cha aina ya pili kimewaandama sana, walifuatiliwa kwa miaka, na walioanza na fizi zilizoharibika vibaya ndio ambao sukari yao iliwashinda zaidi baadaye. Mwaka 1993 Harald Løe, bingwa wa fizi kutoka Norwei, akaliita gonjwa hili tatizo la sita la kisukari, nyuma ya macho, figo na wenzake. Wewe hakikisha habari hizo haziwafikii madaktari wako. Kliniki ya sukari wataangalia miguu na kupima presha; kinywa ufumbue kwa kusalimia tu. Kwa daktari wa meno nako, ukiulizwa kama una ugonjwa wowote, sema huna. Dawa ya presha usiitaje pia, ingawa amlodipini na jamaa zake huweza kuzivimbisha fizi zikapanda juu ya meno.

Tatu, jihadhari na watu wa kusafisha. Watataka kukupiga ganzi, washuke chini ya fizi, waukwangue ugaga kwenye mizizi, kisha wakuite tena baada ya miezi mitatu. Kataa. Nenda duka la dawa, nunua vidonge vichache vya amoksilini, umeze viwili na kimoja umwekee shemeji. Akija mtu na takwimu, atakwambia kwamba mwaka 2022 watafiti wa Cochrane walijumlisha majaribio 35 yenye watu zaidi ya 3,200, wakakuta waliotibiwa fizi walishusha HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kwa asilimia 0.43 ndani ya miezi mitatu minne, na 0.50 kufikia mwaka. Haitoshi kukuachisha vidonge, lakini wapo wanaohangaika mwaka mzima kupata kiasi hicho. Mjibu kwa jaribio la Marekani la 2013, la watu 514, ambalo halikuona tofauti yoyote ya sukari. Usimwongezee kwamba wakosoaji walisema hata fizi zenyewe hazikuwa zimesafika sawasawa.

Tena wasikudanganye: mfupa uliokwenda haurudi kwa kukwanguliwa ugaga. Upasuaji unaweza kuurejesha kidogo, mahali palipochimbika kwa namna fulani. Kinachookolewa ni ule uliobaki, na mtu mwungwana kama wewe hagombanii mabaki.

(Kejeli kando kwa sentensi mbili. Siku ya kwenda kung'oa au kusafishwa, nenda asubuhi, ukiwa umekula na kunywa dawa kama kawaida, maana anayemeza dawa ya sukari kisha akashinda njaa kwa kuogopa sindano anaweza kuanguka kwenye benchi la kusubiri. Na anayetumia alendronati kwa ajili ya mifupa aseme kabla jino halijang'olewa, kwa kuwa mara chache sana taya hukataa kupona.)

Nne, jino likianza kucheza, ling'oe, na jirani yake halafu. Chukua meno ya bandia. Yatakukaa vizuri kwa miezi kadhaa, kisha yataanza kuteleza, kwani mfupa uliokuwa umeshika mizizi ukikosa kazi hunywea, na mwaka wa kwanza ndio hunywea zaidi. Utaacha karanga, utaacha mahindi ya kuchoma, mchicha utakusumbua, nyama utaitazama. Utabaki na uji, wali mweupe, viazi vya kupondwa na mkate uliochovywa kwenye chai. Kapime sukari wiki hiyo.