Stesheni: 0
Kuna watu runinga yao nzima, king'amuzi chao kizima, lakini roho haitulii mpaka taarifa ya habari waitazame kwenye kompyuta. Hongereni. Mmenunua kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, cha bei ya chee, chenye kiantena cha sumaku. Mmepakua programu, mkabofya "Nakubali" bila kusoma neno, mkapewa na kisafisha kompyuta ambacho hamkukiomba. Kisha "Tafuta stesheni". Mstari wa kijani unajikokota hadi asilimia 100, halafu: Stesheni 0.

Basi lawama zote kwa antena. Imewekwa juu ya kabati, ikahamia dirishani, sasa mtoto wa watu kasimamishwa uani kaishika juu, anaulizwa kila dakika, "Vipi hapo?" (Vipi nini, na skrini iko ndani?) Na boksi limeandikwa wazi: DVB-T. Nairobi analojia ilizimwa Februari 2015, na kinachorushwa ni DVB-T2. Hiyo 2 si pambo. Kidude cha kizazi cha kwanza hakiisomi hata mkikipandisha Mlima Kenya.

Ila msikitupe. Vingi vina chipu ya RTL2832U, ambayo kwa programu nyingine hunasa marubani wakizungumza na mnara wa uwanja wa ndege. Habari za saa moja zitawapita, lakini ndege ya Kisumu ikiomba kutua, nyinyi ndio wa kwanza kujua.