Mende wa Bursa

Hapa Kabatoro kila kitu kina mlinzi. Geti la hifadhi liko mlangoni mwetu, na mgeni asiye na tiketi hapiti hata abebe kamera kubwa kiasi gani. Vijaruba vya chumvi pale Ziwa Katwe vina wenyewe, na ukichovya mkono kwenye kisicho chako utajieleza mbele ya wazee. Ukifika Bwera, kwenye mpaka wa Mpondwe, utaulizwa kitambulisho ingawa umefuata kitenge tu. Viboko peke yao ndio hupita usiku bila kuulizwa, na wao hawana haja na paswedi ya mtu.

Sasa mtu anieleze: katika mji wa watu waangalifu hivi, imekuwaje skrini ya bursa wa shule ninayofundisha ikawa mali ya umma?

Mambo yalijulikana kwa sababu ya mende. Bursa alikuwa anahesabu karo, akasogeza dirisha la hesabu pembeni, na kundi la mende likatoka chini yake likakimbilia chini ya dirisha jingine. Aliagiza dawa ya kunyunyizia. Mhudumu akaileta, akanyunyizia kweli. (Kibodi inanuka mpaka leo.) Mende wale ni programu, xroach, iliyoandikwa kabla wanafunzi wetu wa Sinia Tatu hawajazaliwa, na ni haohao Sinia Tatu walioirusha kutoka chumba cha kompyuta, ng'ambo ya kiwanja.

Watoto nawasamehe, maana angalau wamesoma. Fundi simsamehe.

Kompyuta zetu ni kuukuu, za Linux, na madirisha yake huchorwa na mfumo uitwao X, uliozaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Waliouanzisha walitaka programu iendeshwe na mashine ya mbali, dirisha lake lifunguke mezani kwako. Wazo zuri, hasa kwa shule yenye mashine moja ya nguvu na nyingine za msaada. Ila skrini inayopokea wageni wa mbali lazima iwe na bawabu. Yupo xhost, ambaye unamtajia kompyuta za kuruhusiwa. Huyu hamjui mtu, anajua nyumba aliyotoka tu; ukiruhusu mashine wanayoitumia wanafunzi wote, umewaruhusu wote. Yupo pia xauth, anayetunza tiketi: namba ya siri ya biti 128, iliyo kwenye faili lako mwenyewe, na asiye nayo harudishwi kwa upole. Waliotunga mpango huo waliita namba hiyo kuki ya uchawi. Mimi sina neno, mradi ifanye kazi.

Fundi wetu hakutaka uchawi. Programu ya karo ilipogoma kufungua dirisha, aliandika xhost, akaweka alama ya kujumlisha, akamaliza chai, akaenda zake. Maana ya amri hiyo ni karibuni nyote, kutoka popote. Na mashine haikumficha: hujibu papo hapo kwamba udhibiti umezimwa, na kwamba kompyuta yoyote inaweza kuunganishwa. Ni nadra mtambo kukwambia ukweli waziwazi namna hiyo. Yeye aliusoma akadhani ni pongezi.

Aliyeingia haishii kwenye mende. Anaweza kupiga picha ya skrini nzima kwa xwd, na kusoma kila herufi unayobonyeza, paswedi ikiwemo. Muhula huu Sinia Tatu walifaulu Jiografia wote, bila kubaki hata mmoja. Mkuu msaidizi, ambaye mitihani huiandika kwenye mtandao huohuo, aliwapongeza paredi.

Dawa si ngeni. Programu ya SSH, iliyotoka Finland mwaka 1995, hupitisha dirisha ndani ya njia iliyofungwa na kushughulikia tiketi yenyewe. Tangu 2015, X.Org, yaani X ya mashine kama zetu, haisikilizi mtandao mpaka uilazimishe; fundi aliilazimisha. Wayland, mfumo wa kuchukua nafasi ya X ulioanzishwa 2008, huzuia programu kuchunguliana hata kwenye skrini moja, maana kwa X aliyekwisha kupita kwa bawabu huona vya wote. Nilimweleza fundi haya yote kwa simu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mwalimu," akasema, "si inafanya kazi?"

Tukamwomba basi angalau afunge. Kufunga ni amri ileile, yenye alama ya kutoa, ingawa haimfukuzi aliyekwisha ingia. Ni kufunga geti kiboko akiwa bustanini. Ningeiandika mimi, lakini bursa hataki mkono mwingine uguse mashine yake. Anasema ni mambo ya usalama. Kwa hiyo fundi atoke Kasese mjini, na anadai nauli, chakula na posho ya siku, aje kubonyeza alama moja. Ankara aliileta kwa barua pepe. Bursa aliiona ikifunguka, akatazama jumla, akaifunga. Ameapa kwamba hiyo nayo ni kazi ya Sinia Tatu.