Klampu, Saumu na Meza ya Bibi Katesh

Kama nawe una kibanda cha kazi nyuma ya jiko, na una mke, watoto na wakwe, basi sogea tukae, maana wewe ndiye utakayenielewa. Sisi tuko Mbulu mjini, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba ukiingia baridi inakufuata hadi chini ya blanketi. Baridi hii naitaja makusudi. Gundi nyeupe ya mbao haipatani nayo. Dar es Salaam fundi anaunga mbao asubuhi, jioni anazipiga randa. Huku kwetu mbao sharti zibanwe usiku kucha, tena zibanwe barabara, la sivyo unaamka na ufa.

Huko kubana ndiko kulikotuletea yote. Mama mkwe wangu, ambaye wanangu wanamwita Bibi Katesh kwa mji anakoishi, ana meza. Tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, nyumba yake ilijaa tope hadi madirishani. Mwenyewe alikuwa amekuja kwetu, Mungu ashukuriwe. Meza ikafukuliwa baadaye. Ni ya sipresi, aliachiwa na marehemu mumewe, na watoto wake wote, mke wangu akiwamo, walijifunzia kuandika juu yake. Ilipokauka, gundi ya zamani ikaachia, na uso wa meza ukabaki mbao nne, kila moja na njia yake. Kuna aliyemshauri azipasue kuni. Bibi akazifunga kamba pamoja na miguu, akazipakia kwenye basi, kisha akanipigia simu: "Mwanangu, meza yako inakuja."

Ukisikia mama mkwe anasema "meza yako," ujue mjadala umefungwa.

Kuunga uso wa meza kunataka klampu ndefu tatu, mbili zikae chini na moja juu, ili mbao zisipinde zikibanwa. Klampu ya chuma ya urefu huo, ukiulizia bei hata Babati, kwanza utafute pa kukaa. Nikaamua kutengeneza za mbao. Unachukua mti wa mkaratusi uliokauka vizuri, inchi mbili kwa tatu, mrefu kupita upana wa meza. Kila upande unafunga kizuizi cha mti kwa bolti mbili, siyo misumari, misumari itang'oka. Kati ya vizuizi unaacha nafasi ya meza na ziada ya inchi tatu hivi. Hiyo ziada ndiyo nyumba ya kabari.

Kabari ni mbili kwa kila klampu, na zinatoka kwenye kipande kimoja kilichopasuliwa mshazari. Ukizilaza zikielekeana, migongo yake inabaki sambamba, kwa hiyo ukizigonga, moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, zinasukuma moja kwa moja bila kuumiza ukingo wa mbao. Mteremko uwe wa taratibu: kwa kila inchi nane za urefu, unene upungue inchi moja. Ukiwa mkali zaidi, kabari inarudi nyuma yenyewe. Na usizipake sabuni wala nta, maana kinachozishika ni ule mkwaruzo wa mti kwa mti.

Jioni nilieleza haya tukila ugali na maziwa mgando. Baba yangu, ambaye hapa nyumbani tunamwita Aako, yaani babu, hakukubali. Kwake dawa ni ngozi mbichi ya ng'ombe: unaikata mikanda, unaifunga ingali na maji, ikikauka inajikaza yenyewe na hakuna chuma kitakachoishinda. Ni kweli, nimeona mpini wa jembe uliofungwa hivyo ukazeeka na mwenyewe. Shemeji yangu, Bwana Kilele, naye alikuwapo. Tunamwita hivyo kwa sababu amefika kilele cha Hanang, mlima wa nne kwa urefu Tanzania, zaidi ya mita 3,400, na hakuna mazungumzo yatakayopita bila kuupanda tena. Usiku ule tuliupanda kupitia klampu. "Shem," akasema, "kule juu, upepo wake, ungefunga na kamba tu." Mpaka leo natafuta uhusiano.

Asubuhi naingia kibandani, miti yangu mitatu haipo.

Hapa lazima nikujulishe kwa mke wangu. Namwita Mama Ghala, kwa sababu kitu chochote kilicholala bila kazi yeye hukipatia kazi. Wilaya yetu ni ya vitunguu saumu, na sisi tuna kipande cha shamba upande wa Bashay. Saumu ikishang'olewa inataka kivuli na upepo, ikae imening'inia na majani yake mpaka shingo zikauke. Miti yangu niliikuta ubarazani, imelazwa kutoka ukuta hadi nguzo, imebeba mafungu kwa mafungu.

"Mama Neema, hizo ni klampu."

"Baba Neema, mbona zilikuwa zimelala?"

Wewe mwenye nyumba unajua hapo hakuna rufaa. Nikasubiri saumu ikauke. Wakati nasubiri, kabari nazo zikahama. Moja niliikuta chini ya mlango wa Neema, ambaye anataka faragha siku hizi. Mbili zilikuwa breki za kigari cha mdogo wake, Mhandisi, na nikitazama zilivyofanya kazi, kijana amezikata pembe vizuri kuliko ninavyofundisha. Kitindamimba, Askari Kanzu, alikuwa amelalia moja. Akasema anailinda.

Siku ya kuunga ilipofika, Bibi Katesh akashuka na basi kuifuata meza yake. Kwa sababu ya baridi, kazi ikahamia sebuleni, jirani na jiko la mkaa. Viti vikatoka nje. Nikapiga randa kingo mpaka mwanga ukakosa pa kupita kati ya mbao na mbao, nikatandika mifuko ya plastiki juu ya miti ili gundi isiing'ang'anie, nikapaka. Kisha kila mtu akataka kugonga. Aako akagonga ya kwanza huku akiisifu ngozi, Neema na Mhandisi wakagombania ya pili, Bwana Kilele akashika taa. Gundi ikachomoza mstari mzima kama uzi wa shanga nyeupe, bila pengo, na hapo ndipo unapojua kwamba mbao zimekutana. Bibi Katesh hakusema neno. Alipitisha kidole kwenye ule mstari, akajifutia kwenye kanga, akaomba blanketi. Akalala hapo hapo kwenye mkeka, pembeni ya meza yake, na sisi sote tukapita kwa ncha za vidole.

Maungio yalishika. Nimekwangua, nimepiga msasa, miguu imerudi, meza imesimama haiyumbi. Bibi amesema ibaki kwetu mpaka kuta zake Katesh zipakwe rangi, na Mama Ghala ameshaipangia mizani ya saumu.

Klampu mbili zimeondoka na Bwana Kilele, ana kitanda cha kurekebisha. Ya tatu iko ubarazani na mzigo wake. Nimeshapima mkaratusi mwingine kwa ajili ya tatu mpya, na jana mke wangu alikuja kibandani mwenyewe, akasimama mlangoni na kunde zake kwenye ungo, akauliza safari hii zitakuwa na urefu gani.